Mupini wenye kasoro: upi tutengeneze, upi tutupe?

Wakulima wenzetu wa Kalemie, mbele mvua ya mwezi wa kumi ianze, toeni majembe yote inje, muangalie mipini. Mupini ukivunjika wakati wa kupanda, siku imepotea. Na jembe likichomoka, linaweza kuumiza mwenzako mwenye kulima karibu.

1. Ufa kwenye ncha. Unakuja juu muti mubichi ulikaushwa haraka kwenye jua. Ukiwa mufupi, kata kile kipande. Mara ingine, paka nta ya nyuki ao rangi kwenye ncha mbili, kisha weka muti kivulini, ukauke polepole.

2. Mupini umepinda. Ukiwa ungali mubichi, upashe juu ya makaa huku ukiugeuza, unyooshe, ufunge kwenye muti ulionyooka mpaka ukauke.

3. Jembe linachezacheza. Wengi wetu tunalilowesha ndani ya maji. Muti unavimba, jembe linakaza. Lakini muti ukikauka unapunguka tena, na jembe linalegea. Piga kabari ya muti mukavu.

4. Ufa unaotokea ubavuni, ao kifundo kikubwa pale karibu na jembe. Hapo usifunge waya wala mpira: unaficha ufa tu, hauponyeshi. Huo ni kuni. Tafuta mwingine.

Muti wa mupera unafaa sana. Kila kikundi kikate mipini ya akiba wakati wa kiangazi, ili siku ya kupanda ikifika, ile ya akiba ikuwe imekauka.