Uso Uliokunjwa Mbele ya Kipofu



Ndugu zangu wanafunzi, mada niliyopewa kwa darsa la toleo hili ni pana: rehema, kujitambua na kuyapokea mabadiliko. Kila moja ingetosha kuandikiwa kitabu. Kwa hiyo nimeona nizifunge zote tatu kwenye jambo moja tunalokutana nalo kila siku hapa Gitega, hasa sisi tunaopanga vyumba huku Magarama. Jambo hilo ni mwenzetu aliyerudi kutoka Tanzania.

Mabadiliko ya nje tumeyazoea. Tangu 2019 Gitega ni mji mkuu wa kisiasa, na bei ya chumba imetufundisha maana yake kabla ya mwalimu yeyote. Mwaka 2025 mikoa 18 ya nchi ikawa mitano, na komini 119 zikawa 42. Mimi nilizaliwa Muyinga nikiwa mtu wa mkoa wa Muyinga. Leo fomu inanitaka niandike Buhumuza, nami naandika. Kalamu hailalamiki.

Mabadiliko mengine hayana fomu. Katika Suratur-Ra'd, aya ya 11, Allah (S.W.) anatujulisha kwamba habadilishi hali ya watu mpaka wao wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Aya hii inasomwa sana mimbarini, na mara nyingi inasomwa kumlenga mtu mwingine: vijana wabadilike, viongozi wabadilike, akina dada wabadilike. Lakini tazama vizuri inazungumzia nini. Inazungumzia nafsi. Msikilizaji wake wa kwanza ni yule anayeisoma.

Sasa turudi kwa mwenzetu. Warundi walikimbia kwa mafungu, 1972, 1993 na 2015, na wengi wao waliingia Tanzania. Wapo waliozaliwa Nyarugusu, wapo waliokulia Nduta, na wapo ambao wazazi wao walikaa huko muda mrefu hata watoto wakasoma shule za Kitanzania. Baadhi yao wamerudi, wengine kwa kupitia Kobero kule kwetu Muyinga, na baadhi ya watoto wao sasa wako nasi madarasani. Kiswahili chao kimenyooka kuliko chetu. Kirundi chao kina lafudhi. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya masomo, kinawapa taabu kubwa.

Siku ya kuwasilisha kazi mbele ya darasa, mmoja wao anasimama. Anakwama kwenye kitenzi. Nyuma kunatoka kicheko kidogo, si kikubwa, kile cha puani. Anakaa chini kabla hajamaliza. Baada ya wiki chache hakai tena na wenzake, na baada ya miezi kadhaa hata swala ya jamaa anaiswali kisha anaondoka bila kupeana mkono na mtu.

Hapo ndipo naomba tufungue Surat Abasa, sura ya 80. Kisa chake mnakijua. Mtume (s.a.w.) alikuwa Makka akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji wasilimu. Akaja Abdullah ibn Umm Maktum (r.a.), kipofu, akitaka kufundishwa. Mtume (s.a.w.) akakunja uso na kugeuka, na aya zikateremka kumzindua. Nia yake ilikuwa ya kheri, na wanazuoni wametusisitizia adabu katika kukieleza kisa hiki. Lakini kuna jambo moja ndani yake ambalo mimi kila nikilisoma nasimama: ibn Umm Maktum hakuuona uso ule. Alikuwa kipofu. Mkunjo wa uso haukumfikia, na juu ya hivyo ukateremshiwa wahyi utakaosomwa mpaka Kiyama.

Ikiwa uso uliokunjwa mbele ya asiyeona ulipata uzito huo, tuseme nini juu ya kicheko mbele ya mtu anayeona na kusikia?

Na tazama yaliyofuata. Aya zile hazikufichwa, Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwasomea watu. Ibn Umm Maktum akawa muadhini wa Madina pamoja na Bilal (r.a.), na zaidi ya mara moja Mtume (s.a.w.) alipotoka safarini alimwachia yeye mji. Mabadiliko yalionekana katika nafasi aliyopewa yule mtu.

Kwa nini tunacheka, basi? Swali hili ni la muhasaba, na muhasaba si kujilaumu ovyo. Ni kazi ya mhasibu: unafungua daftari na kuuliza kila kilichoingia kimetoka wapi. Imam al-Ghazali alifanya hesabu hiyo mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa wa madrasa ya Nidhamiyya, Baghdad. Ameeleza mwenyewe katika Al-Munqidh min al-Dhalal kwamba alipoipima nia yake ya kufundisha, aliikuta inasukumwa na kutaka cheo na kusifiwa. Alisumbuka mpaka ulimi wake ukashindwa kutoa somo. Akaiacha kazi, akasafiri Sham, Baitul-Maqdis na Makka, na ilipita miaka kumi na zaidi kabla ya kurudi kufundisha, huko Nishapur. (Simshauri mtu aache chuo. Mitihani iko palepale.)

Tukiipima nia ya kicheko chetu kwa mizani hiyo, nadhani tutakuta hofu. Wengi wetu tumelelewa kwa Kiswahili nyumbani. Hapa nchini neno "Mswahili" limebeba maana mbili: Muislamu, na pia mjanja asiyeaminika. Tumelisikia tangu utotoni. Mimi shule ya msingi nilikuwa na mwalimu aliyeniita hivyo mbele ya darasa kila nilipokosea Kifaransa, na sikuwa peke yangu. Mtoto wa namna hiyo akifika chuo kikuu na Kifaransa chake kikakaa sawa, anaposikia mwingine anakwama anafarijika kwamba leo si yeye. Kicheko ni pumzi ya faraja hiyo. Ukishalijua hilo, ni vigumu kuendelea kucheka, kwa sababu unayemcheka unamfahamu. Mliwahi kukaa dawati moja.

Wapo watakaosema tuwahurumie basi. Neno hilo lina mtego. Huruma ikikosa heshima humfanya mwenzako mdogo zaidi. Wakati wa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliwaunga udugu Muhajirina na Ansari, na Abdurrahman ibn Awf akaungwa na Sa'd ibn al-Rabi'. Sa'd alimtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko lilipo. Alitoka na jibini na samli, na baadaye akawa tajiri miongoni mwa matajiri wa Madina. Rehema ya Sa'd ilitimia pande zote mbili: alikuwa tayari kutoa nusu, na ndugu yake alipotaka soko tu, soko ndilo alilopewa.

Soko la mwanafunzi aliyerudi ni lipi? Ni mwenzake atakayempa nukuu za muhula uliopita na kumfafanulia maneno magumu pembeni. Ni kundi la kazi litakalompa sehemu ya kusoma kwa sauti, si ya kubeba projekta. Ni mtu wa kumwambia ni mwalimu gani anakubali kuulizwa maswali baada ya kipindi.

Jambo hili tumelizungumza baadhi yetu hapa Magarama. Jumamosi, baada ya Alasiri, tutakaa saa moja na nusu kusoma Kifaransa cha masomo: kurasa mbili za kitabu chochote cha fani, kila mtu anasoma, na anayekwama anasubiriwa. Nusu saa ya mwisho ni zamu ya waliotoka Kigoma na Ngara kutusahihisha ngeli, maana hotuba zetu za Ijumaa zinazihitaji. Kila mtu aje na daftari lake.