Kobe wa maji nyumbani: Mjue kabla ya kumfuga

Mvua za masika zinapoanza na vidimbwi kujaa, kobe wa maji hutoka matopeni walikojificha wakati wa kiangazi na kutembea nchi kavu wakitafuta maji mapya. Wakati huo ndipo watoto huwaokota mitaroni na kando ya mito, wakawaleta nyumbani ndani ya ndoo na kumwomba mama ruhusa ya kuwafuga.

Mama hutazama mnyama asiyebweka, asiye na manyoya wala viroboto, na ambaye chakula chake ni kidogo. Akaona hakuna ubaya. Lakini kwa afya ya jamii, hasa ikiwa kuna mtoto mchanga, mnyama huyu ana hatari kuliko anavyoonekana. Wiki hii tutaeleza sababu, na hatua za kuchukua ikiwa tayari yumo nyumbani mwako.

NI KOBE YUPI?

Tusimchanganye na kobe mkubwa wa nchi kavu anayekula nyasi, wala na kasa wa baharini. Kobe wa maji ana gamba bapa la rangi ya matope na vidole vyenye ngozi katikati ya kuogelea. Akiogopa, hurudisha shingo kwa kuikunja upande mmoja chini ya gamba. Ukimshika, hukwaruza kwa kucha, huuma, na hutoa majimaji yenye harufu mbaya sana. Hizo ndizo silaha zake. Hafurahii kubebwa na watu, hata akitulia.

CHAKULA CHAKE

Watu wengi humpa kobe huyu ugali, mkate na majani ya sukuma wiki. Hiki si chakula chake. Porini yeye ni mla nyama. Hula wadudu, minyoo, konokono, viluwiluwi, vyura, samaki wadogo na hata mizoga.

Akilishwa ugali na mkate kwa miezi kadhaa, hukosa kalisiamu na vitamini. Gamba hulainika na kupinda, na macho huvimba hata asiweze kuona chakula. Nyama tupu isiyo na mifupa nayo haimtoshi, kwa kuwa kalisiamu haimo. Afadhali samaki wadogo wazima kama omena wasiotiwa chumvi, pamoja na mifupa yao, wakichanganywa na minyoo ya ardhini na konokono.

Mpe chakula akiwa majini, kwa sababu humeza vyema huko. Kobe mzima hahitaji kula kila siku. Mara moja kila siku mbili au tatu yatosha. Mabaki yaondolewe mara moja, maana huoza upesi na kuchafua maji.

Anahitaji pia maji ya kutosha kuzama mwili wote, jiwe la kupanda ajikaushe, na jua lenyewe, wala si mwanga unaopita kwenye kioo cha dirisha. Bila jua, mwili wake hautumii kalisiamu ipasavyo. Pawepo na kivuli pia, la sivyo maji ya karai yatapata moto na kumuua. Wala usitoboe gamba lake ili kumfunga kamba. Gamba ni mfupa ulio hai, na anasikia maumivu.

VIINI ANAVYOBEBA

Sasa tufikie jambo linalotuhusu sisi madaktari. Kobe na wanyama wengine watambaazi, wakiwemo mijusi na nyoka, mara nyingi hubeba viini vya salmonela katika utumbo wao. Viini hivi havimdhuru kobe. Hula vizuri, huogelea vizuri, na kumbe kila anapojisaidia huvimwaga majini. Maji hayo hulowesha gamba, kucha, karai, sakafu na mikono ya watoto.

Kumlisha vizuri na kumsafisha hakumwondolei viini. Kumpa dawa hakusaidii, na huweza kuzalisha viini sugu. Hata akipimwa leo asionekane navyo, huenda akavitoa wiki ijayo, kwa kuwa havitoki kila siku.

Nchini Marekani jambo hili lilijulikana kwa gharama kubwa. Mapema katika miaka ya 1970, kobe wadogo waliuzwa madukani kama vitu vya kuchezea watoto. Wataalamu walikadiria kwamba kobe walisababisha visa 280,000 hivi vya salmonela kila mwaka. Mnamo 1975 serikali ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani sentimita 10 hivi. Walilengwa wadogo kwa sababu ndio watoto huweza kuwashika mkononi na kuwatia kinywani. Hata hivyo, biashara haikuisha kabisa. Mnamo 2007, mtoto mchanga wa wiki nne hivi alifariki katika jimbo la Florida kutokana na viini vilivyotoka kwa kobe mdogo aliyefugwa nyumbani.

Mtoto wa umri huo hawezi kumshika kobe. Yafaa wazazi watafakari jambo hili. Viini humfikia kupitia mikono ya wengine, chupa ya maziwa, au beseni la kuogea lililotumiwa kuoshea karai la kobe.

WALIO HATARINI ZAIDI

Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, huenda akaharisha siku chache na kupona. Wafuatao hawana bahati hiyo: watoto wa chini ya miaka mitano, wazee, akina mama wajawazito, wenye virusi vya UKIMWI, na wanaotibiwa saratani. Kwao viini huweza kuvuka utumbo na kuingia katika damu, na hata kufika kwenye utando wa ubongo.

Watoto wenye selimundu, maradhi yanayopatikana sana Magharibi mwa Kenya, Nyanza na Pwani, wamo hatarini pia. Salmonela hupenda kushambulia mifupa yao. Mzazi hudhani ni yale maumivu ya kawaida ya ugonjwa huo, kumbe mfupa umeingia usaha. Vilevile mtoto mwenye utapiamlo, au aliyepungukiwa na damu kwa sababu ya malaria, hushindwa kupambana na viini hivi.

Nyumba yenye mtu wa aina hiyo haifai kuwa na kobe hata kidogo.

DALILI NA MATIBABU

Dalili huanza kati ya saa 6 na siku 6 baada ya viini kuingia mwilini. Mgonjwa huharisha, hupata homa, na tumbo humsokota. Wengi hupona kwa siku 4 hadi 7.

Tiba ya kwanza ni maji. Mpe mgonjwa maji yenye ORS kidogo kidogo na mara kwa mara. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Usikimbilie dukani kununua dawa za kuua viini. Mgonjwa asiye mahututi na mwenye afya nzuri kwa kawaida hazihitaji, na zinaweza kumfanya aendelee kutoa viini kwa muda mrefu zaidi.

Mpeleke hospitalini bila kuchelewa ukiona damu katika choo, homa isiyoshuka, macho yaliyoingia ndani, kutapika kila kitu, kifafa, au usingizi usio wa kawaida. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa apelekwe siku hiyo hiyo.

Ukifika, mwambie daktari kwamba kuna kobe nyumbani. Neno hilo moja laweza kumfanya aagize choo au damu ioteshwe katika maabara. Yafaa ieleweke kwamba homa ya matumbo ni jambo jingine. Viini vyake ni vya jamii moja na hivi, lakini hutoka kwa binadamu, wala havitoki kwa kobe. Kipimo cha Widal ambacho wengi hupimwa hakiwezi kutegemewa kutofautisha mambo haya.

UFANYE NINI?

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyama wa porini bila kibali. Kwa hiyo, ikiwa kobe yumo nyumbani, wasiliana na afisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, iliyo karibu ili maafisa wamchukue. Usimtupe mtoni wala kumpa jirani.

Wakati ukiwangoja, fuata haya:

1. Karai lake likae nje, mbali na jikoni na mahali pa kulia chakula.

2. Maji yake yamwagwe chooni. Yasimwagwe kwenye sinki la vyombo wala kwenye bustani ya mboga.

3. Karai lioshewe nje kwa sabuni, kisha kwa Jik iliyochanganywa na maji, na mtu mzima. Lisitumiwe tena kwa kazi nyingine.

4. Kila anayemshika kobe au karai lake anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.

5. Watoto wa chini ya miaka mitano wasimguse, na asiachwe kutembea sakafuni wanapotambaa.

Mtoto aliyemleta asichapwe. Upendo wake kwa wanyama ni jambo jema. Mweleze kwamba kobe ana kwake, naye mdogo wake bado hana nguvu ya kushindana na viini. Atakuelewa. Na siku nyingine akimwona kobe akivuka njia, amtazame tu kwa mbali. Tahadhari kabla ya hatari.