Lugha Hufa Lini?

Lugha ni mfumo wa sauti na maana ambao jamii imekubaliana kuutumia. Makubaliano huhitaji watu wasiopungua wawili, hivyo msemaji wa mwisho wa lugha amebaki na maneno na sarufi yake yote, ila hana wa kuzungumza naye. Tevfik Esenç wa Uturuki, msemaji wa mwisho wa Kiubikhi, alifariki Oktoba 1992. Lugha yake ilikuwa na konsonanti zaidi ya 80. Wataalamu walimrekodi kwa miaka mingi, na watoto wake walizungumza Kituruki.

Jambo hilo la watoto ndilo kiini. Uchache wa wasemaji peke yake hauui lugha. Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi ni kama watu 1,000 tu, lakini watoto wao wamekuwa wakijifunza Kihadza tangu utotoni, na lugha iko hai. Kinachoiua ni kukatika kwa urithishaji, yaani mzazi kuacha kumsemesha mtoto kwa lugha hiyo.

Tuitazame hali hii Jangwani na Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji huo miaka ya 1860, alikuta vijiji vya Wazaramo na Washomvi. Baadaye wakaja watu wa makabila mengi, na lugha ya sokoni, msikitini na shuleni ikawa Kiswahili. Mzaramo akioa Mmakonde, watazungumza nini nyumbani?

Tuchukue nyumba moja ya kukisia. Bibi kazaliwa 1940 na anasema Kizaramo kikamilifu. Binti yake, wa mwaka 1960, anakielewa, lakini akisemeshwa hujibu kwa Kiswahili. Mjukuu anajua salamu na nyimbo za ngoma tu. Bibi akiishi hadi 2030, majirani watasema Kizaramo kimekufa naye katika nyumba ile. Hesabu inakataa. Kilianza kufa yapata 1965, binti alipozoea kujibu kwa Kiswahili, miaka 65 kabla ya mazishi. Na hakuna aliyekatazwa kukisema. Kila mmoja alichagua kilichomfaa siku hiyo. Ndiyo maana kifo cha aina hii hakionekani.

Kizaramo bado kina wazee wanaokisema, hasa kuelekea Kisarawe. Kikwadza na Kiasa, lugha za Kikushi zilizokuwa Tanzania bara, hazina tena msemaji hata mmoja.

Mwenye mzee anayesema lugha inayofifia nyumbani asimwombe orodha ya maneno. Orodha haionyeshi jinsi watu wanavyotaniana, wanavyokatizana wala wanavyoombana radhi. Amtafutie mzee mwenzake, awaketishe pamoja, kisha awashe kinasa sauti cha simu na kuwaacha wazungumze.