Lishe ya Mtoto Njiti kwa Mrija: Somo la Vipimo

Mtoto azaliwaye kabla ya juma la 37 la mimba huitwa njiti. Katika makala haya tumchukue mtoto mmoja wa mfano, aliyezaliwa katika juma la 29 akiwa na gramu 1,200, yaani kuzidi kidogo uzito wa lita moja ya maji. Je, atalishwaje?

Kunyonya kwahitaji kazi tatu zipokezane: kuvuta maziwa, kuyameza, na kupumua. Uwezo wa ubongo kuziongoza kazi hizo pamoja hukomaa karibu na juma la 34. Mtoto wetu akinyonyeshwa sasa aweza kupaliwa. Kwa sababu hiyo muuguzi humpitishia mrija mwembamba kinywani au puani hadi tumboni. Urefu wake hupimwa kwanza juu ya mwili: kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi katikati ya ncha ya kidari na kitovu.

Mrija ukipotea njia na kuingia mapafuni, maziwa yatamwua mtoto. Hivyo, kabla ya kulisha, muuguzi huvuta majimaji kidogo na kuyapima kwa karatasi ya pH. Tumbo lina asidi. Kipimo kisichozidi 5.5 ni dalili kwamba mrija umo tumboni. Kisha bomba la sindano lisilo na kisukumio huunganishwa na mrija, likainuliwa, na maziwa hushuka kwa uzito wake yenyewe. Wanafunzi wa fizikia watakumbuka kwamba kanieneo ya kimiminika hutegemea kimo: bomba likiinuliwa zaidi, maziwa hushuka kwa kasi zaidi.

Maziwa bora ni ya mama mwenyewe, kuanzia dang'a. Utumbo wa njiti ni mchanga, na waweza kupata uvimbe unaouozesha. Maradhi hayo ya hatari huwapata kwa uchache zaidi watoto wanaopewa maziwa ya binadamu kuliko wanaopewa ya kopo. Mama asipoweza kukamua ya kutosha, maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa na kupashwa moto hufaa. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa hayo mwaka 2019.

Sasa tupige hesabu. Njiti huhitaji kilokalori 115 hadi 140 kwa kilo kwa siku. Mililita 100 za maziwa ya mama zina kilokalori 67 hivi. Tukimpa mililita 150 kwa kilo, atapata kilokalori 100 tu kwa kilo; hazitoshi. Tukimpa 180 kwa kilo, atapata 120. Hizo ni mililita 216 kwa siku, au 27 kila baada ya saa tatu. Aghalabu huongezwa pia protini na madini katika maziwa.

Hata hivyo, tumbo changa halihimili kiasi hicho siku ya kwanza. Mtoto wetu aweza kuanza na mililita 60 kwa kilo, yaani 9 kwa kila mlo, zisizojaza vijiko viwili vya chai. Haba na haba hujaza kibaba.

Nishati nyingine hupotea kwa baridi. Ndiyo maana mtoto huwekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, utaratibu ulioanzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978.

Zoezi: Kiasi kikiongezwa mililita 30 kwa kilo kila siku, mtoto wetu atafikia 180 kwa kilo siku ya ngapi? Eleza pia kwa nini mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa.