Antioksidanti na Ugonjwa wa Mchochota wa Utumbo: Mlaji Aipimeje Ahadi ya Tiba?

Madukani, sokoni na katika simu za mkononi hunadiwa unga, vidonge na vinywaji vyenye antioksidanti, ambavyo hudaiwa kusafisha utumbo na kutibu magonjwa sugu ya tumbo. Anayeishi na ugonjwa wa mchochota wa utumbo hushawishika kwa urahisi na ahadi hizo, kwa kuwa ugonjwa wake ni wa miaka mingi, dawa zake zina gharama, na hadi sasa hakuna dawa inayouondoa kabisa. Somo hili linaeleza kwa nini wanasayansi wanazichunguza antioksidanti, majaribio yamebaini nini, na mlaji azingatie mambo gani kabla ya kutoa fedha yake.

1. Ugonjwa wenyewe

Mchochota ni hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kuwa nyekundu na kuuma wakati kinga ya mwili inapopambana na adui. Katika ugonjwa huu mapambano hayo hayakomi, na utumbo wenyewe ndio unaoumia. Ugonjwa una sura kuu mbili. Kolaitisi ya vidonda hushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana. Ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932, waweza kushambulia sehemu yoyote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, na hupenya hadi tabaka za ndani za ukuta wa utumbo.

Dalili zake ni kuhara kwa majuma mengi, damu au kamasi katika choo, maumivu ya tumbo, uchovu na kupungua uzito. Mlaji asiuchanganye ugonjwa huu na vidonda vya tumbo vilivyozoeleka, ambavyo hutokea katika mfuko wa chakula au mwanzoni mwa utumbo mdogo na vina tiba yake tofauti.

2. Kwa nini antioksidanti zinachunguzwa

Mwili unapotumia oksijeni huzalisha radikali huru, yaani molekuli zilizopungukiwa elektroni, ambazo huzipora elektroni molekuli za jirani na kuziharibu. Chembe nyeupe za damu hutengeneza silaha za namna hii kwa makusudi ili kuua vimelea. Katika utumbo wenye mchochota, chembe nyeupe hukusanyika kwa wingi, na silaha hizo huzidi mahitaji hata kuunguza utando wa mwenye mwili.

Antioksidanti ni kemikali inayotoa elektroni kwa radikali huru na kuituliza. Mwili hujitengenezea baadhi yake, kama vile glutathioni. Nyingine hutoka katika chakula: vitamini C katika mapera na machungwa, vitamini E katika karanga na mafuta ya alizeti, beta-karotini katika karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na kurkumini katika manjano.

Hivyo wazo la kuzitumia antioksidanti si la kubuni tu. Hata mesalazini, dawa ambayo madaktari huitumia kwa kolaitisi ya vidonda, imeonekana maabara kuwa na uwezo wa kutuliza radikali huru. Hata hivyo, wazo lenye mantiki halijawa tiba mpaka lipimwe kwa wagonjwa.

3. Majaribio yamebaini nini

Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika nchini Canada kwa wagonjwa 57 wa Crohn. Baadhi yao walipewa vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E yuniti 800 kila siku kwa majuma manne, na wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Vipimo vya uharibifu unaoletwa na radikali huru vilishuka kwa waliopewa vitamini, lakini ukali wa ugonjwa wao haukubadilika.

Hapa ndipo lilipo funzo kuu. Tangazo linaloandika kwamba bidhaa "imethibitishwa kupunguza radikali huru" laweza kuwa linasema kweli, na bado bidhaa hiyo isimsaidie mgonjwa. Kushuka kwa kipimo cha maabara hakulingani na kupona kwa utumbo. Swali la kuuliza ni hili: je, kuhara kulipungua, damu ilikoma, na vidonda vilipona?

Kurkumini imefanya vizuri zaidi katika kolaitisi ya vidonda. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 nchini Japani lilihusisha wagonjwa 89 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Katika miezi sita, ugonjwa uliwarudia 2 kati ya 43 waliotumia gramu 2 za kurkumini kwa siku, na 8 kati ya 39 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2015 jaribio jingine la wagonjwa 50 lilionyesha kuwa 14 kati ya 26 waliopewa gramu 3 kwa siku walipata nafuu kamili ya dalili katika mwezi mmoja, na hakuna hata mmoja kati ya 24 wa kundi la pili aliyefikia hapo.

Matokeo hayo yanatia moyo, ila yasomwe pamoja na mambo matatu:

(a) Wagonjwa wote waliendelea kutumia dawa zao za hospitali. Kurkumini ilikuwa nyongeza, na hakuna aliyeacha mesalazini au sulfasalazini kwa ajili yake.

(b) Waliopimwa walikuwa wachache, na ugonjwa wao ulikuwa umetulia au ulikuwa wa kadiri. Matokeo hayo hayamhusu mwenye ugonjwa mkali au mwenye Crohn.

(c) Kurkumini iliyotumika ilikuwa imechujwa. Gramu 100 za unga wa manjano huwa na takribani gramu 3 tu za kurkumini. Kufikia gramu 2 kungehitaji kula zaidi ya gramu 60 za unga kila siku. Kijiko cha manjano katika mchuzi ni kiungo kizuri, lakini hakilingani na kipimo cha jaribio.

4. Kitu cha asili chaweza kudhuru

Nchini Finland wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara walishiriki jaribio la vidonge vya beta-karotini na vitamini E. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliotumia beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasioitumia, kwa asilimia 18. Kirutubishi kinachofaa katika karoti kilidhuru kilipokolezwa katika kidonge.

Kwa mgonjwa wa utumbo hatari huwa karibu zaidi. Vitamini C inayozidi miligramu 2,000 kwa siku huweza kuleta kuhara, na sehemu yake hugeuka oksalati, kemikali inayojenga mawe ya figo. Mgonjwa wa Crohn tayari yuko katika hatari kubwa ya mawe hayo. Vitamini E kwa wingi huweza kuzidisha kutoka damu, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Vidonge vya manjano vimehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji, wakiwemo waliotumia vile vilivyoongezewa dondoo ya pilipili manga ili kurkumini ifyonzwe zaidi. Nako Bangladesh, utafiti wa mwaka 2019 ulibaini kuwa baadhi ya manjano yalitiwa kromati ya risasi, rangi ya viwandani yenye sumu, ili yang'ae.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuchelewa. Damu katika choo yaweza kutokana na amiba, kichocho, kifua kikuu cha utumbo, bawasiri au saratani. Kifua kikuu cha utumbo hufanana mno na Crohn, na tiba zake zinapingana: dawa za kushusha kinga anazopewa mgonjwa wa Crohn huweza kukichochea kifua kikuu. Daktari hutofautisha kwa kupima choo, kuchunguza utumbo kwa kamera na kupima kipande kidogo cha nyama. Anayenunua unga wa antioksidanti kabla ya uchunguzi huo anatibu ugonjwa asioujua.

5. Kabla ya kununua

• Soma lebo: jina la mtengenezaji, viambato na kiasi chake kwa miligramu, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

• Tambua aina ya bidhaa. Tangu mwaka 2019, nchini Tanzania chakula husimamiwa na TBS na dawa husimamiwa na TMDA. Bidhaa inayouzwa kama chakula haipaswi kudai kuponya ugonjwa.

• Jihadhari na maneno "huponya kabisa", "haina madhara yoyote" na "acha dawa za hospitali".

• Mweleze daktari au mfamasia kila unachotumia, pamoja na dawa za asili. Ukipata macho ya manjano, mkojo mweusi au damu zaidi katika choo, acha bidhaa hiyo, nenda kituo cha afya ukiwa na chupa yake, na omba taarifa ya madhara ipelekwe kwa mamlaka husika.

• Usiache wala kupunguza dawa uliyoandikiwa, hata ukijisikia vizuri. Dawa hizo ndizo zinazoufanya ugonjwa uendelee kutulia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kushuka kwa kipimo cha radikali huru hakutoshi kuthibitisha tiba?
2. Wagonjwa wa majaribio ya kurkumini walitumia nini kingine?
3. Taja magonjwa mawili yanayoweza kuleta damu katika choo na yanayohitaji tiba tofauti.

Aliyeweza kujibu maswali haya aendelee kula matunda, mboga na viungo kwa kadiri tumbo lake linavyostahimili. Ama ahadi ya tiba iliyomo ndani ya kopo, aipeleke kwanza kwa daktari wake, kisha aamue kama inastahili fedha yake.