Frateri, Kuigiza Mchawi Kwenye Mchezo ni Dhambi?



Jumapili moja kijana wa kidato cha nne alinifuata baada ya Misa. Kaka yake anayeishi Marekani alimletea kitabu cha Dungeons & Dragons, mchezo ambao watu hukaa mezani na kusimulia hadithi pamoja, kila mmoja akiigiza mhusika wake. Yeye alichagua kuwa mchawi. Mama yake alipoona picha tu, kitabu kikafungiwa kabatini. "Frateri, kwani ni dhambi?"

Nikamwambia, kabla hatujahukumu kitu, tukijue kwanza.

1. Mchawi huyu ni nani?

Kwetu, ukisema mchawi, mtu anafikiria anayeroga jirani usiku. Mchawi wa kwenye mchezo ni kitu kingine: ni msomi. Nguvu yake inategemea akili, na silaha yake kubwa ni kitabu. Neno moja linaweza kubeba watu tofauti kabisa. Kigiriki cha Agano Jipya kinatumia neno lilelile, magos, kwa Mamajusi waliomsujudia Mtoto Yesu (Mt 2) na kwa Elima aliyempinga Paulo (Mdo 13). Basi tusiishie kwenye jina.

2. Uchawi wake unafanyaje kazi?

Mchezo huu ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wazo la uchawi walilichukua kwa mwandishi wa hadithi Jack Vance: mchawi anakariri maneno, akishayatumia yanafutika kichwani, lazima akariri upya. Kama mwanafunzi wa kukremu: akitoka tu kwenye mtihani, kichwa cheupe!

Katika toleo la 2014 sheria zimelegezwa, ila mipaka ipo. Mchawi anayeanza ana matendo ya kichawi 6 kitabuni. Akiwa na akili ya 16, kila siku anaandaa 4. Na nafasi za kuyatumia ni 2 tu! Zikiisha, anaweza kupumzika na kurudisha moja, mara moja kwa siku. La sivyo asubiri mapumziko marefu ya saa 8. Vitendo vidogo vidogo, kama kuwasha mwanga, anaweza kurudia apendavyo.

Matendo mengi yanadai maneno, ishara za mikono, au vitu fulani. Ule mpira wa moto maarufu, kwa mfano, unadai kinyesi cha popo na salfa. Mfunge mdomo mchawi, mengi hayawezi. Mwibie kitabu, hawezi kuandaa mapya. Na mwili wake ni miongoni mwa iliyo dhaifu zaidi mchezoni.

Sasa angalia: mchezaji mwenyewe anafanya nini? Anasema, "Narusha mpira wa moto." Anatupa dadu 8 za pande sita, anajumlisha, msimulizi anaeleza nani ameungua. Hakuna roho iliyoitwa. Ni hesabu na hadithi.

3. Kanisa linasemaje?

Katekisimu namba 2117 inakataza kujaribu kuzitiisha nguvu za giza zikutumikie. Hilo halina mjadala: hirizi, waganga wa kupiga ramli, tuachane navyo. Ila kuigiza si kutenda. Anayeigiza Yuda kwenye mchezo wa Pasaka hajamsaliti Bwana. Kwa hiyo nilimjibu: mchezo wenyewe si dhambi. Ukianza kutamani nguvu hizo kweli, au ukikufanya uache sala na masomo, hapo simama.

4. Hatari iliyo karibu zaidi

Lakini kuna jambo lilinigusa mimi mwenyewe. Uchawi wa mchezo una kanuni: sema maneno sahihi, toa kinachodaiwa, matokeo yaje. Je, sisi hatusali hivyo?

Nikiwa kidato cha tano bibi yangu aliugua. Nilisali novena siku zote tisa, sikuruka hata moja. Siku ya kumi akafariki. Nilikasirika mno, nikahisi nimetapeliwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba sikuwa nimeongea na Baba. Nilikuwa nimetumia maneno kama mchawi anayetumia kitabu chake. Katekisimu namba 2111 inaliita jambo hilo kwa jina lake: kudhani sala au ishara takatifu zinafanya kazi kwa kutamkwa tu, bila moyo, ni ushirikina.

Simoni naye, katika Mdo 8, alitaka kununua uwezo wa mitume kwa fedha. Alifikiri Roho Mtakatifu ni nguvu ya kumiliki. Mchawi hutumia; mwana huomba, halafu humwachia Baba.

Na kuhusu mama: nilimwambia kijana asiufungue mlango wa kabati kwa siri. Amwombe mama akae mezani jioni moja, aone dadu, asikie hadithi. Akikataa bado, atii. Utii huo una thamani kuliko mchezo wowote.

Swali la kutafakari: Mara ya mwisho uliposali na hukupata ulichoomba, uliendelea kuongea na Mungu, au ulifunga kitabu?

Tuombeane.