Katuni za Simu na Ngano za Bibi

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 5 husimulia katuni za kwenye simu mwanzo hata mwisho, lakini ngano za bibi yake hazimkai kichwani. Je, simu inamharibia kumbukumbu? – Mama, Kwakoa, Mwanga.

JIBU: Mama, kabla hujaihukumu simu, sikiliza vizuri anachokusimulia: aghalabu atakwambia nani alikimbia, nani alianguka na nani alipigwa, ilhali maneno waliyojibizana yamempita, kwani picha humvuta mtoto kwenye matendo, na sauti tupu humvuta kwenye maneno. Mwaka 1980 huko Marekani mtafiti Laurene Meringoff aliwapa watoto hekaya moja ya Kiafrika, wengine wakaitazama katika filamu na wengine wakasomewa kitabuni. Wa filamu walikumbuka zaidi matendo ya wahusika, na wa kitabu walihifadhi zaidi maneno ya hadithi yenyewe.

Fauka ya hayo, hukuzipima katuni na ngano sawasawa. Katuni ile ameirudia jioni hata jioni, na ngano yamkini ameisikia mara moja tu, tena kwa Chasu (Kipare) ambacho watoto wengi wa siku hizi hukisikia nusunusu, naye anasinzia. Mwombe bibi airudie ileile kila usiku, akatize pale sungura anapotaka kujibu, amwachie mjukuu amalizie; na asubuhi, mtoto anapokunywa uji, mwambie akusimulie wewe kana kwamba hukuwapo. Kusimulia upya ndiko kunakoikaza hadithi kichwani.

Simu yenyewe si haramu. Katuni ya Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa nchini mwaka 2014, ina mafunzo mema. Walakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kwa walio chini ya miaka 5, halishauri kabisa kioo kwa wasiotimiza miaka 2, na waliozidi hapo huwawekea ukomo wa saa 1 kwa siku; wako ameuvuka umri wa mwongozo huo juzi tu, na saa hiyo itamtosha, ilimradi isimle usingizi, maana ni usingizini ubongo huyaimarisha yaliyosikika mchana.

Liko jambo moja sharti ulichunguze. Mtoto ashikaye ya macho na kukosa ya masikio huenda hasikii vema: mwite kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake, na asipogeuka, mpeleke kituo cha afya apimwe masikio.